Mtori Uliomwagwa Maji

Sogea karibu, wewe uliyetoka hospitali leo na maneno mazito kifuani. Pengine umeambiwa figo zako zimeacha kazi. Pengine ni za mama yako, au za mumeo, na bado hujamwambia mtu. Kaa. Sitakueleza figo ni nini. Daktari ameshakuchorea picha na ukaitikia kwa kichwa bila kuelewa, kama nilivyoitikia mimi. Nitakusimulia habari ya kiu, ya ndizi, na ya watu nisiowajua walionishika mkono. Nitakwenda polepole. Ukichoka, pumzika, halafu urudi.

Nina duka la vyombo Kariakoo: masufuria, mabeseni, chupa za chai, jumla na rejareja. Kwetu ni Machame, kule mlimani. Mume wangu, Baba Eli, ndiye anayefuata mizigo, na mimi ndiye ninayekaa dukani. Mwanetu Elibariki anasoma shule ya bweni. Tunaishi ghorofa ya tatu, mitaa miwili kutoka dukani, na hapo mwanzo ngazi zile nilikuwa nazipanda huku naimba.

Ugonjwa ulinijia na sura ya neema. Ilikuwa masika. Miguu ilivimba, nikasema ni kusimama sana. Uso ukajaa, mashavu yakang'aa, na wateja wakaanza kunisifu.

"Mama Eli, umenawiri! Baba Eli anakulisha nini?"

"Mapenzi tu," nawajibu, na tunacheka.

Nilikuwa nakufa, na mtaa mzima ulikuwa unanipongeza. Siku niliyoshindwa kulala chali kwa sababu pumzi haiji, ndiyo siku tuliyokwenda hospitali, na daktari kijana, mpole, akasema, "Mama, tumechelewa kidogo." Alisema "tumechelewa", si "umechelewa". Mpaka leo namshukuru kwa neno hilo moja.

Wakanitia bomba shingoni, wakaniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Habari za gharama sitazigusa. Utazijua mwenyewe, na kuzisikia kwangu hakutakusaidia. Nitakuambia yale ambayo hakuna aliyeniambia.

Kituo changu kiko Upanga. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, zamu ya asubuhi. Kwanza unakaa kwenye benchi la korido pamoja na wenzako, kila mtu na blanketi lake kwenye mfuko, maana damu ikitoka nje ya mwili unasikia baridi hata kama nje jua linachoma. Kisha unaitwa kwenye mizani. Figo zikilala hukojoi, na kila unachokunywa kinabaki ndani, kwa hiyo mizani inakusema mbele za watu. Baada ya hapo unakaa kwenye kiti chako, unafungwa mirija, na asubuhi nzima inapita hapo.

Mwili unabadilika. Ngozi yangu iligeuka nyeusi kuliko nilivyozaliwa, ikawa inawasha usiku na mchana. Chakula kilikuwa na ladha ya sarafu. Wakati wa kipupwe walinipasua mkono wa kushoto wakaunganisha mishipa ili sindano zipate pa kuingia, na tangu hapo mkono huo unavuma. Ukiweka sikio utasikia kama nyuki ndani ya mzinga. Mwanzoni nilikuwa naulalia ili nisiusikie.

Lakini lililonitesa kuliko yote ni kiu. Naruhusiwa maji kidogo kwa siku nzima, maji ya kumezea dawa yakiwa humohumo. Tangu shule ya Jumapili nilifundishwa kwamba anayempa maji mwenye kiu amempa Bwana mwenyewe. Sasa nikawa katika nchi ya kigeni, ambako anayekupenda ndiye anayekunyima maji. Baba Eli aliificha chupa ya maji ya friji. Nilimchukia. Nilimchukia na Mungu pia kidogo, nikuambie ukweli, kwa sababu sikuona alichokuwa anataka nijifunze kwa kuunyima ulimi wangu mate.

Kiti cha kulia kwangu alikuwa Kusumben. Jina lake ni Kusum. "Ben" kwao ni dada. Mama wa Kihindi, mtu mzima kunizidi, mzaliwa wa mjini hapahapa, anaishi kwenye fleti dakika chache kutoka kituoni. Alikuwa na shanga zake za kusalia, anazihesabu kwa kidole gumba huku midomo ikitembea. Kiti cha kushoto alikuwa Mzee Shomari wa Buguruni, fundi magari aliyestaafu, Mwislamu wa swala tano. Wiki za kwanza hatukusemezana zaidi ya salamu. Kariakoo nimefanya biashara na Wahindi tangu nikiwa msichana. Tunajua kupatana bei. Kula kwenye nyumba zao, au wao kula kwetu, hilo sikuwahi kuliona.

Siku moja ya jua kali nilipanda mizani, na Sista, muuguzi wa zamu yetu, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeiba maji. Nilirudi kitini macho chini.

"Wee Mama Eli," Kusumben akasema kwa sauti ya chumba kizima, "umekunywa bahari yote ya Magogoni? Watu watavuka vipi kwenda Kigamboni?"

"Waache wavuke kwa miguu," Mzee Shomari akadakia. "Amewakaushia."

Nilicheka mpaka mashine ikapiga kelele na Sista akaja kunituliza mkono. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu masika.

Tulipofunguliwa, Kusumben alinisubiri kwenye benchi la korido. Akatoa chupa ndogo ya chai, ya aina ninayouza dukani, akaifungua. Ndani mlikuwa na vipande vya barafu, vidogo kama kucha ya kidole gumba. Akanipa kimoja.

"Usimeze. Usitafune. Kiache kikae juu ya ulimi, ukitazame kwa moyo mpaka kiishe. Hiyo ni glasi nzima ya maji kwa watu kama sisi."

Nilifunga macho. Sijawahi kunywa kitu kikubwa hivyo maishani mwangu.

Tangu siku hiyo tukawa watu. Ilikuwa kila zamu ikiisha, sisi watatu benchini, vipande vitatu vya barafu. Mzee Shomari alipenda kusema, "Ninyi wote mmesilimu bila kujua. Tumefunga mwaka mzima, na mwezi hauandami." Nami nikakumbuka kila Ijumaa Kuu niliyowahi kukaa kanisani, nikisikia ikisomwa kwamba Bwana msalabani aliona kiu. Nilikuwa nikilipita neno hilo haraka kwenda kwenye makubwa zaidi. Kwenye benchi la Upanga, kati ya mwenye shanga na mwenye kofia ya kiua, nililielewa. Mwenye kiu hana kabila, na Bwana wangu alichagua kuwa mmoja wao.

Ikaja Desemba. Unajua Wachaga na Desemba. Kariakoo inafungwa nusu, mabasi yanajaa, kila mtu anapanda mlimani kuhesabiwa na wazazi. Mimi sikuweza. Mashine haina Krismasi. Basi mama yangu, ambaye huwa hapendi kabisa joto la huku, akashuka yeye. Alifika na mkungu wa ndizi umefungwa majani makavu, na nyama kutoka kwa mchinjaji wake.

Kama hujui mtori, ni supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama. Kwetu ndicho chakula cha aliyejifungua na cha mgonjwa. Mgonjwa akiukataa mtori, watu hutazamana: huyu ameshakata tamaa ya kuishi. Kituoni tulikuwa tumeambiwa tangu mwanzo, ndizi ni mwiko kwetu, zina kitu ambacho figo mbovu haziwezi kukitoa, na kikizidi kinasimamisha moyo. Nilimwambia mama.

"Ndizi?" akasema. "Ndizi iliyokulea ndiyo ikuue? Tazama mifupa hiyo. Hawa watu wanakuua kwa njaa."

"Mama, wamesema."

"Na mimi nimesema. Nimesafiri kutwa nzima na mkungu huu."

Ilikuwa Jumapili, siku ambayo damu imekaa muda mrefu kuliko zote bila kusafishwa. Baba Eli alikuwa dukani anafunga hesabu za sikukuu. Mama alikaa mbele yangu na bakuli, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiwa mtoto mwenye surua. Nilikula. Nilimaliza. Aliniongeza, nikamaliza tena, na yeye akalia kwa furaha.

Jumatatu asubuhi miguu haikunibeba. Moyo ulikuwa unaruka ngazi, unasimama, unaanza tena. Baba Eli alinibeba mgongoni kushuka ghorofa zote tatu, na kwenye kituo walinikimbiza kwenye kiti bila mizani. Nakumbuka kidole gumba cha Kusumben kikikimbia kwenye shanga. Nakumbuka Mzee Shomari akisema, "Yaa Latifu, yaa Latifu." Mimi mwenyewe sikuweza kusali. Walisali wao, kila mmoja kwa mlango wake, na nilirudi.

Yaliyofuata nyumbani yalikuwa mabaya kuliko ugonjwa. Baba Eli ni mpole, lakini siku ile alisimama jikoni na kumwambia mama yangu, mkwewe, neno ambalo halisemwi: "Mama, ulitaka kumuua mke wangu." Mama aligeuka, akatoka jikoni. Alikunja vitenge vyake, akauweka mfuko mlangoni, akakaa kwenye kigoda kandokando yake, na hakula wala kunena. Siku nzima ya Jumanne alikaa hivyo, anangoja basi la Jumatano.

Nami nilimtazama, nikamtazama mume wangu aliyekonda kwa ajili yangu, nikachoka. Uchovu ule nitakueleza kwa sababu utakujia. Hauji na machozi. Unakuja kama mtu mwenye busara na kusema: ukiacha, wote hawa watapumzika. Jumatano asubuhi Baba Eli aliponiletea viatu nikasema, "Siendi." Akadhani ni utani. "Siendi leo, wala Ijumaa. Mama asiondoke. Nataka nikae na mama yangu siku zilizobaki, mlango umefungwa, bila sindano."

Aliomba, akafoka, akamwita mzee wa jumuiya yetu ya kanisa aje kusali nami. Nilimsikiliza kwa heshima, na sikuondoka kitandani. Basi la mama likaondoka bila yeye.

Mchana, baada ya zamu kwisha, mlango uligongwa. Kusumben. Alikuwa amepanda ghorofa tatu na miguu ile yake, mara tu baada ya mashine, wakati mwili hauna nguvu hata ya kufunga kifungo. Alishika fremu ya mlango mpaka pumzi ikarudi. Alimwona mama kwenye kigoda, na akamwamkia kabla hajanitazama mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," mama akajibu. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumatatu.

"Wewe ndiye wa ndizi?"

Nilidhani mama ataanguka. Kusumben akajishusha sakafuni, karibu na kigoda, kama mtu aliyekuja kwa dada yake.

"Mimi mama yangu aliniletea dengu. Dengu nazo ni mwiko. Sufuria zima! Eti, mtoto wangu anaumwa, ale dengu. Nililazwa wiki. Marehemu mama yangu alilia hivihivi, kama wewe. Bibi, hawa mama zetu wangetuchukia, wasingetuumiza hivi."

Mama akaanza kulia kwa sauti. Kusumben akamwacha alie. Kisha akasema, "Ndizi zimebaki? Haya, twende jikoni. Sista wetu alinifundisha namna ya kupika viazi visituumize, na leo nimemuuliza na ya ndizi."

Niliinuka kitandani. Sikuinuka kwa imani, usinifikirie vizuri kupita kiasi. Niliinuka kwa sababu nilitaka kuona. Kusumben aliomba sufuria. Mama alipochukua letu, akasita. "Hili limepikiwa nyama. Ninyi nyama hamgusi, si ndiyo?" Kisha akamgeukia mkwewe, ambaye hakuwa amesema naye tangu neno lile. "Baba Eli, niletee sufuria jipya dukani. Ambalo halijaguswa."

Baba Eli alishuka mbio. Aliporudi alilitoa kwa mikono miwili, ameinama. "Mama, nisamehe." Mama alilipokea sufuria, na akaushika mkono wake pamoja nalo.

Walimenya ndizi, wakazikata vipande vyembamba kabisa, wakaziloweka kwenye maji mengi. Kusumben akasema haziivi leo, zilale hivyo mpaka kesho, maji yamwagwe, zichemshwe kwenye maji mengine mengi, nayo yamwagwe, ndipo zipikwe. Na kula iwe kikombe kidogo, mara moja moja, na siku ambayo kesho yake kuna mashine.

Mama alishika kiuno. "Ukiyamwaga maji yote hayo, si umeumwaga mtori wenyewe? Kitabaki nini?"

"Kitabaki mkono wako," Kusumben akasema. "Huyu hakuwa anataka ndizi, Bibi. Alikuwa anataka mkono wako."

Kisha akanigeukia, na sura yake haikuwa na mzaha. "Kesho utakula. Ijumaa utakuja. Kiti chako nilikitazama leo asubuhi nzima kikiwa kitupu. Usinifanyie hivyo tena, mimi ni mtu mzima."

Alhamisi alipanda tena ngazi, na tulikula sote mtori usio na nyama, kutoka kwenye sufuria jipya. Mama alisali kwa Kimachame, Kusumben akiwa amekutanisha viganja kifuani na kichwa ameinamisha. Mtori ulikuwa hafifu, rangi ya maji ya mchele. Ulikuwa na mkono wa mama. Ijumaa nilikwenda.

Nikuonye hapa, maana najua utataka kuiga: usiige. Miili yetu haifanani. Waulize wahudumu wako kwanza.

Mama hakurudi Machame mpaka baada ya Pasaka. Alikaa na sisi benchini kila zamu, akifuma vitambaa, akimtania Mzee Shomari kwa lafudhi yake ya pwani, akishika mablanketi ya watu asiowajua wakiitwa kwenye mizani.

Masika yaliporudi, Jumatatu moja, kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu. Sista alikuwa anabadilisha shuka. Alilikunjua, akalinyoosha pembe moja baada ya nyingine, polepole mno, na hakutuangalia. Mzee Shomari akasema, "Inna lillahi," na hakumaliza. Baadaye tuliambiwa kwamba moyo wa Kusumben ulisimama Jumapili, akiwa amelala. Kabla hatujafunguliwa, mwanamke tusiyemjua alishaletwa kukaa pale. Ndivyo ilivyo. Mashine hazitoshi, na kiti hakiruhusiwi kuomboleza.

Nilifungwa mirija, sikuweza hata kufuta machozi. Mkono mmoja una sindano na mwingine umefungwa kipimo cha presha. Mzee Shomari alinyoosha kwa shida ncha ya blanketi lake akanifuta.

Mwanawe Kusumben, Hitesh, alikuja kituoni mwenyewe kutuambia habari za mazishi. Mama yangu alisimama kumpa pole. Kwetu ungekwenda msibani na chakula bila kuuliza, tena cha nyama, na kitenge cheusi. Nilimwona mama anafungua mdomo, anaufunga. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatujui desturi yenu. Tuvae nini? Na mnaweza kula nini?"

Kijana yule alikuwa amejikaza tangu alipoingia. Swali hilo ndilo lililomvunja. Akalia begani kwa mama, kwenye korido, watu wakipita. Akasema tuvae nyeupe. Akasema nyumbani kwao jiko haliwashwi siku hizo, wanaletewa na majirani, chakula chepesi kisicho na nyama wala kitunguu.

Mama aliliosha lile sufuria. Alipika ndizi kwa nazi, chumvi kidogo tu, akazifunga kwa kitambaa cheupe. Tukapanda ngazi za ile fleti ya Upanga, mama na gauni lake jeupe la Pasaka, Mzee Shomari na kanzu yake. Tulivua viatu mlangoni pamoja na wengine. Hatukuelewa nyimbo zao, wala sikujua nimwambie Mungu nini juu ya mtu asiyemwita kwa jina ninalomwita mimi. Nilimwambia tu: Bwana, huyu alininywesha. Nadhani inatosha. Naamini yeye anawajua wote waliomnywesha, hata wasiojua kwamba alikuwa yeye.

Ndizi za msibani hazikubaki. Hitesh alirudisha sufuria likiwa safi, na ndani aliweka chupa ndogo ya chai ya mama yake.

Miaka kadhaa imepita. Mzee Shomari naye alitutoka. Mimi bado naenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Sijapona, lakini naishi. Nimerudi kukaa dukani, ngazi nazipanda kwa vituo viwili, na mkono wangu ukivuma sasa nauwekea sikio ili nijue niko hai. Kila asubuhi ya zamu najaza barafu kwenye chupa ile. Yule mwanamke aliyeletwa kwenye kiti cha Kusumben, ambaye wiki nzima sikutaka kumtazama, ndiye niliyempa kipande cha kwanza. "Usimeze," nilimwambia. "Usitafune. Kiache kikae."

Na wewe mwingine unayenisikiliza, unayekwenda kumwona mgonjwa kesho: kabla hujawasha jiko, mpigie simu anayemuuguza, uulize mgonjwa anaruhusiwa kula nini na kunywa kiasi gani. Pika hicho tu, hata kama ni kikombe kimoja. Kisha nenda, ukae naye mpaka amalize.